Mlango wa Mkwe

Siku Pudentienne alipoingia uani akitokea Mutarule, furushi kichwani na mkeka kwapani, mkwewe Octave alikimbilia chooni. Hakuwa na haja ya choo. Ilikuwa heshima. Kwao mwanamume hakutani uso kwa uso na mama aliyemzaa mke wake. Wakionana njiani mmoja wao huingia majanini, na pasipo na majani hujificha nyuma ya mti. Lakini Uvira ya mwaka ule wa sitini na nne ilikuwa imekwishiwa na majani, na mti uliokuwa uani kwa Octave ni mpapai mmoja mwembamba usioweza kuficha hata kuku. Kilichobaki ni choo.

Honorine, mke wa huyu na binti wa yule, alipokea furushi la mama yake akabaki nalo mikononi, maana hakujua aliweke wapi.

"Mama, ikala basi," alisema, akimkaribisha akae.

"Niikale wapi, mwana wangu? Bwana yako iko wapi?"

"Iko ku choo."

"Anagonjwa?"

"Hapana. Amekukimbia weye."

Pudentienne aliridhika. "Ni mutoto mwenye adabu," akasema, na akasimama katikati ya ua akikipa choo mgongo, ili huyo mtoto mwenye adabu apate kutoka.

Octave alitoka, ndiyo, lakini aende wapi? Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili vya matofali mabichi. Chumba cha ndani walilala yeye na mkewe na mtoto wa kunyonya. Sebuleni walilala watoto wengine, wa kwanza wao Étienne, pamoja na meza, gunia la unga wa muhogo na baiskeli, ambayo haikuweza kulala nje kwa ajili ya wezi. Jikoni, kile kibanda cha nyuma, alilala Spès na watoto wake. Spès alikuwa jirani wa upande wa chini, kule ufukoni, na mumewe alikwenda kuvua kusini kabla ya vita, hajarudi. Kisha ziwa likaanza kupanda. Lililamba kizingiti cha nyumba yake, likaingia ndani, likakaa kama mwenye nyumba. Honorine alimwambia, "Kuya pa jiko yangu kidogo, maji ikishuka utarudia." Maji hayakushuka.

Ndivyo mji wote ulivyokuwa. Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa, na ukanda wenyewe si mpana. Mwaka ule ziwa lilikuwa linaukata kwa chini, na watu wa bonde la Ruzizi wanaukimbilia kwa juu, wakikimbia vita vya waasi na askari wa serikali. Kila aliyefika alikuwa ndugu wa mtu fulani. Nyumba ya Pudentienne kule Mutarule ilichomwa, na hakujua ilichomwa na nani, kwa kuwa aliona moto tu, watu hakungoja kuwaona. Mtoto aliyekuwa naye duniani ni Honorine peke yake. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

*

Waliyazungumza hayo siku nzima, Honorine akitembea kati ya mumewe aliyekaa nyuma ya choo na mama yake aliyekaa chini ya mpapai. Chumba cha ndani hakikufikiriwa hata kidogo, kwa sababu mzazi halali mahali binti yake anapolala na mumewe. Jikoni Spès alionyesha kwa mkono tu, na kweli, palikuwa pamejaa watoto mpaka kwenye mafiga. Ikabaki sebule. Lakini Octave, ili atoke nje, alilazimika kupita sebuleni, na hapo angemkuta mama mkwe wake amelala.

Octave ndiye aliyepata dawa. Alinunua mikeka ya matete, akaisimamisha kwa miti kwenye kona ya sebule, ikawa kijumba kisichozidi mkeka mmoja wa kulalia. Halafu akachukua sururu akaenda kuutoboa ukuta kutoka nje, ili mama mkwe awe na mlango wake mwenyewe.

"Nyumba itaanguka," Honorine alisema.

"Ikianguka tutapata fasi kubwa."

Majirani walikuja kutazama, wakacheka sana. Nyumba ndogo kama ile, milango miwili! Spès hakucheka, maana mlango mpya ulitokea pale alipokuwa anawasha moto wake, ikabidi ahamishe mafiga. Pudentienne aliingia kwa mlango wake, akatundika kitenge penye tundu, akatandika mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu Mutarule alilala mchana kutwa.

Kuanzia hapo Octave akawa mtu wa kukohoa. Akitoka chumbani alikohoa, akirudi kutoka kazini alikohoa tangu kwenye uzio. Pudentienne akisikia kikohozi huvuta kitenge usoni na kugeukia ukuta, na nyuma ya matete panakuwa kimya kabisa, mpaka mkwewe apite. Walipokuwa na la kuambiana waliambiana kupitia kwa Honorine, hata kama wote watatu walikuwa wanasikiana.

"Honorine, mwambie bwana yako mabati inavuja."

"Honorine, mwambie mama nimesikia."

Honorine mwenyewe hakuwa na haja ya kufungua mdomo, ilitosha awepo. Asipokuwepo hawakuwa na njia ya kuambiana hata kwamba nyumba inaungua. Alikuwa anachoka, na alikuwa na furaha. Asubuhi akiamka alisikia mama yake anapepeta maharage nyuma ya matete akiimba wimbo wa kanisani nusu sauti, akajiona ni msichana tena. Hakutaka kingine isipokuwa sauti ile iendelee kuwa pale.

*

Vijana wa maasi waliingia mjini bila vita kubwa, wamejifunga vipande vya ngozi vichwani, wakaanza kutafuta makarani. Octave alikuwa ameandika risiti za kodi katika biro, yaani ofisi, ya serikali, tangu enzi za Wabelgiji mpaka uhuru na baada yake. Nani aliyekula kodi hiyo hakuulizwa. Aliyeandika risiti ndiye aliyejulikana sura.

Walimfikia asubuhi, uji ukiwa motoni. Honorine aliona ngozi zinatembea juu ya uzio wa matete, akaacha mwiko akaingia ndani.

"Baba Étienne! Bamekuya."

Chumba cha ndani kilikuwa na dirisha la ukubwa wa sahani. Octave alikurupuka mpaka sebuleni akasimama. Huku baiskeli, kule meza, watoto katikati, uani sauti za watu. Mlango wa mama mkwe nao ulitazama jikoni, na jikoni walikuwa wamekwisha kufika, wanamwuliza Spès maswali. Ndipo ikatoka nyuma ya matete sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa haikuwahi kuelekezwa kwake.

"Kuya huku."

Octave hakusogea. "Honorine," alinong'ona, "mwambie mama siwezi."

"Mwambie weye mwenyewe!" Honorine akamsukuma kwa mikono miwili.

Na hapo Octave, mauti yakiwa uani kwake, alikohoa. Alikohoa kwanza, kama inavyompasa mtu mwenye adabu, kisha akainua matete akaingia.

Honorine aliona yote. Mama yake alimlaza kando ya ukuta, akamtupia blanketi, akamrundikia furushi miguuni, halafu akamkalia kiunoni, miguu ameinyoosha mbele, ungo wa maharage mapajani. Honorine akashusha matete.

Kiongozi wa vijana alikuwa mtu wa Luberizi, jirani na Mutarule, ilisikika katika maneno yake. Hakuwa mkali. Aliwatuma wenzake watazame chini ya kitanda, juu ya dari, ndani ya gunia la muhogo, wakaumwaga unga. Walikwenda mpaka chooni na taa. Mmoja akashika ukingo wa matete.

"Kule kuna nani?" kiongozi aliuliza.

"Ni mama yangu. Alikimbia Mutarule."

"Mama yako weye? Basi ni mukwe wa ule karani?"

"Ndiyo."

Kiongozi akampiga mwenzake kofi mkononi. "Toa mukono! Weye hauna mukwe? Mwanaume atajificha pa kitanda ya mukwe wake? Si afazali afe!"

Wote wakacheka. Wakiwa katika kucheka, nyuma ya matete kikatoka kikohozi, kile kile cha Octave, kimebanwa na blanketi. Kabla hakijaisha Pudentienne alikidaka. Alikohoa yeye, kwa nguvu, kwa muda mrefu, akitema na kukwangua koo, mpaka kiongozi akarudi nyuma na kuziba pua.

"Iko na kifua," Honorine alisema.

"Pole, mama," kiongozi alisema kuelekea matete, kwa heshima kabisa. Akatoka. Wenzake wakachukua jogoo, na kwa kuwa hawakumpata karani wakaibeba meza yake.

Octave alitoka na alama za mkeka shavuni. Pudentienne alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima. Hakuna aliyesema ahsante, wala aliyejibu kwamba si kitu. Octave alipita moja kwa moja mpaka chooni, akakaa huko hadi jua likawa la utosi.

"Toka," Honorine alimwambia kupitia mlangoni. "Bameenda."

"Najua bameenda."

"Basi toka."

"Mama yako alinikalia, Honorine."

"Alikuponyesha."

"Ndiyo. Alinikalia, aliniponyesha. Sasa nitamuheshimu namna gani?"

*

Jioni hiyo Pudentienne alikuwa amekunja mkeka wake, ameukalia kama kigoda.

"Kuko mbuzi ya kufuta haya na aibu," alimwambia binti yake. "Mwanaume anaitoa, bazee ba huku na ba kule banaikula, kisha tunarudia kuwa bakwe kama zamani. Mbuzi isipotoka, hatuwezi kulala chini ya bati moja. Mumoja atoke."

"Mama, ni vita."

"Vita inaondoa heshima?"

"Vita inaondoa mbuzi."

Pudentienne alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nyumba hii ni ndogo, mwana wangu. Nilikuwa na fasi moja tu ya kumuheshimia bwana yako. Leo tumeitumia."

Octave hakungoja kuambiwa. Alitoka gizani na blanketi, akazunguka kwa marafiki. Baraza zote zilikuwa na wenyewe. Kanisani walilala watu wa bondeni, shuleni walilala vijana wa maasi, na rafiki mmoja, ambaye Octave alikuwa msimamizi wa ndoa yake, alimfungulia mlango aone mwenyewe: watu wamelala kama ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye kikapu, kichwa huku miguu kule. Akarudi akalala chini ya upenu wa jiko.

Sasa upenu ule haukuwa mtupu. Hapo ndipo watoto wakubwa wa Spès walipokuwa wananyoosha miguu. Octave alipolala wao waliingia ndani na wenzao, na humo mtu hakuweza kulala ila kwa kukaa, mgongo ukutani, magoti kidevuni. Mvua zilikuwa bado hazijaisha. Usiku kucha mdogo wao alilia usingizi.

"Mama Étienne, minye sisemi kitu," Spès alisema asubuhi moja akipuliza moto. "Lakini bwana yako iko mutu murefu."

Hofu ya kukamatwa nayo ikaisha. Komanda mpya aligundua kwamba mji hauendi bila karatasi, na karatasi haziandikwi na mikuki; akatangaza kwamba makarani warudi kazini, hakuna atakayewagusa. Octave akarudi biro, akawa anaandika ruhusa za njia kwa watu wale wale waliochukua meza yake. Maisha yake yalipona. Lakini usiku alilala nje kama mbwa wa nyumba, na Pudentienne, ndani, hakulala. Aliacha kuimba. Honorine alisikia ungo wa maharage peke yake, na ungo nao ukawa unasimama katikati, kama mwenye ungo amekumbuka jambo.

"Nitarudia Mutarule," alisema siku moja.

"Utarudia wapi? Nyumba iliungua!"

"Ndizi haziungui zote."

Honorine aliogopa. Kila siku walifika watu kutoka kule, na habari zao zilikuwa zile zile: askari wa serikali wanashuka kutoka Bukavu, waasi wanapanda kuwazuia, na aliyekutwa njiani na yeyote kati yao hakuulizwa ni wa nani. Mama yake akitoka hatarudi. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Basi akaamua kutafuta mbuzi.

*

Alikuwa na vitenge vya ndoa yake, jozi nzima, ambavyo hakuwahi kuvifua. Alivitoa chini ya kitanda alfajiri, akafunga mtoto mgongoni, akapita jikoni.

"Spès, niangalilie nyumba. Naenda ku mulima, bamama ba Mulenge banashusha mbuzi kule. Nitapata ya kufuta haya."

Spès alimtazama. "Bwana yako anajua?"

"Hapana, na usimwambie. Wala mama. Mbuzi ni ya mwanaume kutoa. Wakijua ni minye nimeitafuta, Baba Étienne atapata haya juu ya haya. Nitamupa kamba, ataileta yeye mwenyewe kama vile ameinunua."

"Sawa," Spès alisema. Nyuma yake watoto walikuwa wamekaa ukutani, macho wazi, hawajaamka wala hawajalala.

Njia ya mlimani ilikuwa mbaya, na mama wa Mulenge alikuwa mgumu kuliko njia. Alikunjua vitenge, akavinusa, akaviinua kwenye jua kutafuta matundu. Alipoona doa la mafuta la siku ya harusi alitikisa kichwa.

"Na kile cha kichwa," alisema.

Honorine alikivua. Mama yule akaitazama blauzi yake pia, lakini akaona mtoto ananyonya, akaiacha. Honorine alishuka kichwa wazi, nywele hazijasukwa, anavuta mbuzi jike mwekundu mwenye pembe moja. Alipita katika makorongo ili vijana wa maasi wasimwone mbuzi, maana wangemla pale pale, na kila aliposimama kula majani alimbembeleza kama mgonjwa. Alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa amekwisha kupanga maneno ambayo Octave atasema akiwa ameshika kamba, na namna mama yake atakavyojibu kutoka nyuma ya matete, "Honorine, mwambie bwana yako nimeona."

Alifika jua limeanza kulala. Uani palikuwa kimya. Watoto wake walikuwa chini ziwani, wanachota ndagala kwa nguo ndani ya nyumba zilizomezwa na maji. Alimfunga mbuzi kwenye mpapai, akaingia sebuleni, akainua matete.

Watoto wa Spès walikuwa wamelala humo. Walilala mchana, wote, wamejinyoosha mpaka vidole vya miguu vimegusa ukuta, mikono wameitupa, midomo wazi. Mkeka wa mama yake ulikuwa chini yao. Furushi halikuwepo.

Akatoka kwa mlango ule wa pili. Spès alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu, hakugeuka.

"Mama iko wapi?"

"Alienda. Asubuhi, nyuma yako tu. Alisema, 'Mwambie Honorine nimerudia Mutarule. Bwana yake aingie munyumba yake.' Mukeka aliacha, alisema hawezi tena kuulalia."

"Na Baba Étienne? Iko ku biro?"

Spès alikoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

"Alirudi muchana kuchukua mufuko. Alikohoa pale sebuleni, mama hakujibu, ni vile kila siku. Akakuya hapa, akasema, 'Mwambie Mama Étienne nimeenda ku Makobola kwa baba mudogo. Mama abaki na fasi yake, minye nitarudia vita ikiisha.' Alijiandikia karatasi ya njia. Alipata mutumbwi."

Mama kaskazini, mume kusini. Honorine alilipanga jambo hilo kichwani polepole, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mafuriko.

"Mama ndiye alitangulia?"

"Ndiyo."

"Na Baba Étienne alipokuya, mama alikuwa ameenda zamani. Ulimwambia?"

Spès alisukuma kuni motoni.

"Ulijua niko natafuta mbuzi. Ulimwambia mama angojee? Ulimwambia yeye nyumba iko wazi?"

"Batoto yangu banalala banaikala, Honorine," Spès alisema, na sasa aligeuka, macho yake mekundu kwa moshi au kwa kitu kingine. "Batoto yangu banalala banaikala."

*

Honorine alimwacha mbuzi pale mpapai, akakimbia na mtoto mgongoni. Makobola kulikuwa kimya, na Octave alikuwa mwanamume mwenye karatasi. Upande wa Luberizi na Mutarule ndiko moshi ulikokuwa unapanda. Alikimbia kaskazini mpaka daraja la Kavimvira. Vijana wa maasi walikuwa wameweka gogo barabarani. Mmoja wao, hata ndevu hajaota, alinyoosha mkuki kwa uvivu.

"Karatasi."

"Sina. Nafuata mama yangu. Alipita hapa asubuhi, muzee mwenye furushi."

"Bazee banapita, hatubaulize. Weye, karatasi."

"Kijana, nakuomba. Mama yangu iko naenda kufa kule."

"Amri ni amri, mama. Enda ku biro, karani akuandikie."

"Karani ni bwana yangu," Honorine alisema.

Kijana akatabasamu, kwa wema kabisa. "Basi weye hauna shida. Rudia ku nyumba, atakuandikia na leo."

Alikaa pale kando ya gogo muda, kichwa wazi, watu wakipita kuingia mjini na mikeka yao kwapani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatoka. Mtoto alipoanza kulia aliinuka akarudi.

Nyumbani Spès alikuwa amewaamsha watoto. Aliwapanga nje ya tundu la ukuta, kila mmoja na nguo zake mkononi, tayari kurudi jikoni. Walisimama wakiyumba, mdogo wao amelala wima, ameegemea mguu wa mama yake. Honorine aliwatazama. Alitaka kumpiga Spès. Alitaka kumfukuza, yeye na watoto wake na mafiga yake, warudi chini kwenye maji yao. Alikuwa na haki hiyo, na hakuna jirani ambaye angemlaumu.

"Baingize," alisema.

Spès hakuelewa. "Bapite wapi?"

Honorine alionyesha kwa kidevu mlango wa mama yake. Watoto wakaingia mmoja mmoja, wakilisukuma kitenge, na mara moja pakawa kimya nyuma ya matete. Spès akaingia wa mwisho, ameinamisha kichwa, ingawa tundu lilikuwa refu kumtosha.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya mlima. Honorine alimfungua mbuzi pale mpapai ili asiibiwe, akamwingiza jikoni, akaegemeza ubao mlangoni. Jiko lilikuwa tupu. Mbuzi alizunguka mara moja, akanusa majivu, akalala katikati akanyoosha miguu.